Baba Mdogo na Waya wa Pili

Kila asubuhi, kabla hata hajasalimia watu, Baba mdogo alikuwa anafungua kabati la chuma kwenye kona ya kiwanda chetu cha uchapaji, anaipangusa swichi kwa kitambaa alichokikata kwenye shati lake kuukuu. Ole wako ukifutia meza kitambaa kile. Swichi ni kile kisanduku chenye matundu, ambako nyaya za kompyuta zote hukutana. Yeye ndiye aliyeifunga, na ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni kama hirizi.

Kisha dada yangu akaolewa na mtu wa kompyuta, na Baba akamleta shemeji kazini.

Mimi kazi yangu ni kubana vitabu pini, na mbana pini huona mengi. Niliona Baba mdogo anavyoacha kutafuna chakula kila shemeji akisifiwa. Siku Baba aliposema, "Mkwe wangu ana mkono mwepesi," Baba mdogo alinyanyuka akaenda kuipangusa swichi mara ya pili.

Picha za vitabu zilikuwa zinashuka kwa kujikongoja kutoka kwa wachoraji ghorofani hadi kwenye mashine chini, maana swichi ile ya chini na nyingine iliyokuwa juu ziliunganishwa kwa waya mmoja tu. Shemeji akashauri waongeze wa pili, halafu swichi zote mbili ziamriwe kuzihesabu nyaya hizo kuwa njia moja pana.

"Hilo nalijua zamani," Baba mdogo akasema.

"Ukalificha wapi?" Baba akamtania. Watu wakacheka.

Baba akagawa kazi: shemeji juu, Baba mdogo chini. "Leo ndiyo nitajua kabati nimwachie nani."

Nyaya zikachomekwa, amri zikaandikwa. Kimya. Hata kile kidogo kilichokuwa kinapita kikakatika, na mashine ikasimama. Baba akapanda ngazi, akashuka, anahema, maana wale wawili walikuwa hawasemeshani. Mwisho akamwita shemeji chini.

"Mdogo wangu, swichi yako umeiambiaje?"

"Ingoje kuitwa. Ya juu ianze kuita, hii itaitika. Mtoto ndiye anayemwamkia mkubwa, au siku hizi dunia imepinduka?"

Shemeji akashika kichwa. "Yangu nayo nimeiambia ingoje! Nitaanzaje, Baba mdogo, na wewe mkubwa upo? Si mkubwa ndiye hutangulia?"

"Loo!" mpiga chapa akaangua kicheko. "Swichi zimeheshimiana mpaka zimekuwa bubu!"

"Basi badili ya kwako," Baba akamwambia mdogo wake.

Baba mdogo akaikodolea macho kompyuta, mikono mapajani. Hakugusa kitu. Shemeji akakimbia juu, akaiamuru yake ianze kuita. Mara taa mbili za kijani zikaanza kumeta pamoja, picha zikamiminika, mashine ikanguruma. Watu wote wakapiga makofi wakiwa wameelekea ngazi, na Baba alipiga kuliko wote.

Baba mdogo akauvua ufunguo, akautundika kwenye mlango wa kabati. Kitambaa akakikunja vizuri, akaja nacho mpaka kwangu.

"Futia meza," akaniambia.

Akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wateja, ambao hakuwahi kuutumia. Baba alisema njaa itamrudisha. Haikumrudisha.