Ufa wa Shingoni

Kiwandani walimwita Mama Macho. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kigoda mbele ya taa nyeupe, chupa tupu za soda zikimpitia juu ya mkanda kutoka kuoshwa, naye akizichomoa mbovu: iliyomeguka mdomo, iliyobaki na uchafu, yenye ufa. Kila nusu saa alimpisha wifi yake, mke wa kaka yake, maana macho yakizidisha hapo hulala yakiwa wazi.

Sasa kamera zilikuwa zimeingia. Mkanda wa pili ulikwisha kuachiwa kamera peke yake. Kwenye mkanda huu wa kwanza fundi alikuwa bado anaifundisha kamera yake, na msimamizi alikwisha kusema bila kuzunguka: siku itakapopima chupa mia mbili isikosee hata moja, vigoda vitaondolewa.

Mara tatu ilipimwa, mara tatu ikapitisha chupa ileile, yenye ufa mwembamba kama unywele chini ya shingo.

"Mama, huu unauonaje?" fundi aliuliza, chupa mkononi. "Mimi nauangalia na siuoni."

"Mazoea tu, baba."

Wifi alimfuata bombani. "Hapohapo, wifi yangu! Nyamaza hivyohivyo. Mtu hajichimbii kaburi halafu akauliza kama urefu unatosha."

Mama Macho alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Chupa yenye ufa ule haipasuki kiwandani. Hupasukia mkononi mwa mtu anapoifungua, yu nyumbani kwake, ana kiu. Na mkanda wa pili ulikuwa ukizitoa tangu asubuhi, kreti baada ya kreti, hakuna anayezitazama.

Alirudi, akakaa. Alichomoa chupa, akaitazama, akairudisha. Nyingine. Kisha akamwita fundi.

"Taa yako inapiga usoni, ndiyo maana. Ufa huu unajificha na mwanga wa mbele. Leta taa ubavuni, chini, hivi. Umeuona?"

"Looo! Kama uzi wa fedha!"

"Basi ndio huo. Na ule mkanda wa pili, wekeni taa leo, msingoje kesho."

Kabla ya saa kumi kamera ilikuwa imepima mia mbili bila kosa. Msimamizi alimpa Mama Macho mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema vigoda vitaondolewa mwisho wa mwezi.

Wakaingia chumba cha kubadilishia nguo. Wifi alikunja aproni, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kaka yako utamwambia mwenyewe," alisema hatimaye. "Mimi sina mdomo huo."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo, wifi."

Wakatoka. Mpaka getini hawakusemeshana, lakini hakuna aliyemtangulia mwenzake.