Mwanangu Ameizunguka Roma kwa Miguu, Sasa Ukoo Unataka Arudishwe

Mwanangu wa kike ameingia Roma, mji wenyewe wa Baba Mtakatifu, ameuzunguka siku tatu kwa miguu yake, na kwa sababu hiyo ukoo mzima unataka aache chuo arudi nyumbani. Nimeanza na hilo maana ndilo linalonikaba. Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama ni rika la mwanangu, hujambo. Ficha jina langu, na mtoto mwite Neema, si jina lake.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Maisaka hapa Babati. Elimu yangu ni darasa la saba, nalima mahindi na mbaazi. Neema ndiye mtoto wangu wa pekee, na nisipomsifia mimi atamsifia nani? Alifaulu mpaka walimu wakaniita shuleni kunipa mkono. Leo yuko Italia anasomea mambo ya udongo, kwa ufadhili, yaani Wazungu wenyewe ndio wamemtaka. Mkiniona sokoni natembea kifua mbele, mjue sababu.

Tatizo nililianzisha mimi. Mwaka jana, tumesimama nje ya kanisa baada ya misa, jirani yangu Mama Paulo alikuwa anatusimulia gari alilonunua mwanawe wa Dodoma. Rangi yake, viti vyake, hadi harufu yake. Nikachoka. Nikasema, "Wa kwangu hana haja ya kununua. Chuo kinampeleka na kumrudisha kwa gari, na dereva anamfungulia mlango." Neema hajawahi kuniambia kitu kama hicho. Gari nililitunga palepale, na dereva wake pia. Habari ikafika hadi kwa shemeji yangu huko juu Mbulu, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye amekuwa baba wa Neema tangu akiwa darasa la pili.

Basi mwezi uliopita Neema akapata likizo, akaenda Roma na wanafunzi wenzake kuangalia majengo ya kale. Akanitumia picha kwenye simu, nyingi. Wiki hiyo sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yangu, nikaona Mungu anipe nini tena. Nikaenda stesheneri, nikachagua tatu ambazo sura yake imetoka kubwa, wakanisafishia, nikazibandika ukutani sebuleni. Nilichoangalia ni mtoto. Pembeni yake sikuangalia.

Wenzangu waliangalia. Ya kwanza ameketi juu ya jiwe, nyuma yake ukuta umebomoka. Ya pili ameinama anakunywa maji kwenye bomba la barabarani. Ya tatu yuko peku, viatu kavishika mkononi.

"Mama Neema," Mama Paulo akaniuliza taratibu, "huko ndiko Roma?"

"Ndiko."

"Mbona nyumba hazina paa?"

Nikamwambia ni za zamani sana, watu wanatoka nchi zote kuja kuziona.

"Hata kwangu kuna banda halina paa," akasema, "na hajaja mtu."

Wakacheka. Kisha mzee mmoja akauliza nilichokuwa nakiogopa. "Na lile gari la chuo liko wapi?" Nikasema dereva alikuwa likizo. Hapo hakuna aliyecheka. Tulipofika kwenye maombi, mwenyekiti akasema tumwombee binti yetu Neema anayetaabika ugenini. Wote wakaitikia, na mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikaitikia.

Asubuhi nikampigia Neema kwa hasira. Akapokea anacheka. "Mama, viatu vilikuwa vipya vikanichubua, nikavivua. Yale maji ni ya mji, safi, kila mtu anakunywa. Nimetembea mpaka miguu imevimba na sijawahi kufurahi hivyo. Nilikuwa nakanyaga mawe ya barabara waliyopita watu wa enzi za mitume, nikasema laiti mama angekuwepo."

Na mimi nikamjibuje? "Mji wote huo hakuna hata gari moja la kusimama pembeni yake ukapigwa picha?"

Akasema, "Sawa, mama." Tangu siku hiyo hajanitumia picha hata moja.

Shemeji alizipata habari kabla sijajipanga. Akanipigia. "Shemeji, wewe ulisema ana gari la chuo. Sasa yuko peku. Maana yake chuo kimemfukuza na anakuficha." Nikaapa kwamba bado anasoma. "Unajuaje, umeenda?" Ameamua yeye na ndugu waje kwangu, na jumuiya iitwe, wafanye kikao, wampigie Neema simu wote wakisikia, na yeye amwamuru arudi. Neema hajawahi kumkatalia baba yake mkubwa neno lolote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba namjua mwanangu. Akiulizwa lile gari alilosema mama liko wapi, hatamwaibisha mama yake mbele ya watu. Atasema lilikuwepo likachukuliwa. Hapo wataamini kweli amefukuzwa, na masomo yake yataishia sebuleni kwangu, chini ya zile picha.

Nina hasira na Mama Paulo, nina hasira na yule mwenyekiti na maombi yake, lakini mdomo uliosema gari ni wangu. Nikisimama nikasema nilidanganya, kesho nitapitaje sokoni? Nikimwonya Neema asipokee simu, nitakuwa nimeongeza uongo wa pili. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa kina mama wenzangu, ungekuwa wewe ungesema neno gani la kwanza? Niandikieni na mimi nitasoma yote, hata ya kunitukana. Ila msichelewe. Kuku nimeshawatenga, mchele nimeshachambua, na shemeji na ndugu wa Mbulu, jumuiya yote na Mama Paulo wao, wanafika kwangu Jumapili hii baada ya misa ya kwanza.