Rangi tatu za Mama Chapa, na mwezi uliochotwa kwa kijiko

Umewahi kuona bamba la kuchapia picha linalotetemeka ukiligusa, kama uji uliopoa? Basi sogea mezani kwa Mama Chapa, ila kunja mikono ya nguo kwanza, maana rangi za hapa hazina adabu.

Ni saa mbili asubuhi. Ameshaondoa kitambaa cha meza na kutandaza magazeti. Katikati pana sinia la kuokea, na ndani yake bamba laini alilolipika mwenyewe kwa unga wa jelatini, ule unaogandisha jeli, maji ya moto na glisirini ya duka la dawa ili lisiharibike upesi.

Anadondosha rangi ya njano, anaisambaza kwa rola ndogo ya kupakia milango rangi. Juu analaza jani la mpapai, kisha karatasi. Anaipapasa kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Anaivuta. Pote njano, isipokuwa pale jani lilipolala. Hapo pamebaki peupe, na kila kidole cha jani kinaonekana.

“Hapo bado,” anasema. “Hiyo ni shumizi tu. Nguo yenyewe inakuja.”

Ikishakauka, karatasi ile ile inarudi kwenye rangi nyekundu, safari hii na nyuzi zilizomwagwa ovyo. Halafu buluu, na kipande cha lesi. Nyekundu ikilalia njano, panatokea rangi ya chungwa. Buluu ikipita juu ya njano, panachipuka kijani ambacho hakuna aliyekinunua.

Mama Chapa ni fundi cherehani. Alianza kuchapa pale wateja walipohamia nguo zilizoshonwa tayari, cherehani ikabaki inakusanya vumbi. Karatasi zake ni migongo ya kalenda zilizopitwa na wakati, anaziomba maofisini. Sasa duka la vifaa vya shule linachukua kadi zake na majalada ya madaftari. Mwezi ukiwa mzuri, anasema, kadi hulipa nusu ya kodi ya nyumba.

Tazama picha zake vizuri: kila moja ina kiduara cheupe pembeni. Wateja wanakiita mwezi. Huo ni kazi ya mumewe, dereva wa lori. Alirudi safari na njaa zake, akafungua friji, akaona kitu kinang’aa, akachota kijiko kizima, na penye shimo karatasi ikabaki nyeupe.

“Nilijua ni jeli,” anajitetea. “Nilipoona haina sukari, nikasema mke wangu sasa ananitunza afya.”

Mama Chapa aliliyeyusha bamba, akaligandisha upya, shimo likatoweka. Mwenye duka akamrudishia kadi. “Mwezi wetu uko wapi?” Tangu hapo, kila bamba jipya likiganda, mume hupewa kijiko.

Upande wa pili wa meza ameketi mama mkwe, miwani puani. Mama Chapa akivuta karatasi yake, bamba hubaki na rangi hafifu, na mama mkwe hubandika ya kwake hapo hapo, haraka, kabla haijakauka.

“Mimi mla makombo,” hutania.

“Makombo yako ndiyo yanagombewa dukani, mama. Usinitie wivu.”

Vicheko viko vile vile leo, lakini mlangoni pana begi. Wana wa mama huyu walikubaliana kwa simu kwamba ahamie kwa mkubwa wao, kwenye chumba kipana na bafu lake mwenyewe. Mama alijibu, “Sawa, wanangu,” akaendelea kuchagua majani.

Mama Chapa amekaa na jambo hilo moyoni. “Nikimwambia abaki, ataona namng’ang’ania kama kibarua,” ananong’ona jikoni, akiosha rola. “Nikinyamaza, ataona namfukuza. Sasa niseme nini mimi?”

Saa nne shemeji, huyo mkubwa wao, anafika, funguo za gari mkononi.

“Mama, twende kabla jua halijawa kali.”

“Ngoja njano ikauke, mwanangu.”

Shemeji anapewa chai. Njano inakauka. Mama mkwe anaomba nyekundu.

“Mama, bado?”

“Nikiiacha hivi itakuwa uchi.”

Chai ya pili. Nyekundu inakauka. Mama mkwe anaomba buluu, kisha anazigeuzageuza lesi zote za ndani ya kikapu, moja moja, kama mtu aliye sokoni na siku nzima ya kupoteza.

“Shemeji,” mgeni anamgeukia Mama Chapa, “hiki kitu kina rangi ngapi?”

“Tatu.”

“Nne,” anadakia mama mkwe. “Nimeongeza.”

Mume, ambaye leo hana safari, anakohoa kuficha kicheko. Mama Chapa hacheki. Anamtazama mkwewe, mikono yenye buluu mpaka viwikoni, isiyo na haraka ya kwenda popote. Anaweka rola chini.

“Mama,” anauliza, “wewe mwenyewe unataka nini?”

Mama mkwe anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, na kuipaka rangi zaidi.

“Nataka kukaa hapa,” anasema. “Mwanangu, chumba chako kizuri, Mungu akuzidishie. Lakini nitakaa humo kama mgeni, nangoja kuitwa kula. Nitakuja kukutembelea, tena nije na kazi yangu.”

“Sasa mama, si ungesema tu!”

“Hukuniuliza, baba. Uliniarifu.”

Shemeji anajikuna kichwa, anaangalia begi, anamwangalia mama yake, kisha anaanza kucheka mwenyewe. Anavuta kiti. Anauliza kama chai bado ipo.

Mama Chapa ana mipango: sinia la pili, kubwa zaidi, na Jumamosi moja kila mwezi ya kuwafundisha majirani. Lakini hayo hayasemi sasa. Ameshika mkono wa mkwewe juu ya magazeti, rangi kwa rangi.

“Mama, mimi nilitaka ubaki,” anasema. “Tangu siku ile ya simu. Niliona haya tu kusema.”