Koleta Aomba Damu Mtua

Koleta alipofika Mtua mwezi wa sita kuomba damu, wasiwasi wake mkubwa ulikuwa barafu ya kuihifadhia. Watu hakuwaogopa. Alizaliwa hapo, alibatizwa hapo, na nusu ya kijiji ilimwita mwanangu.

Kazi yake ilikuwa kwenye maabara Dar es Salaam. Vinasaba, ambavyo wengine huvisoma, yeye alivikunja. Alichukua uzi mmoja mrefu kutoka kwenye kirusi kisichomdhuru binadamu, akachora kwenye kompyuta namna ya kuukunja, kisha akaagiza nyuzi fupi mia mbili za kuubana hapa na pale. Vyote vikichanganywa kwenye maji ya chumvi, vikapashwa moto na kuachwa vipoe taratibu, uzi ulijikunja wenyewe ukawa kisanduku. Visanduku elfu mbili vingeweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Kila kimoja kilikuwa na kufuli iliyobuniwa kufunguka ikikutana na protini ya vimelea vya malaria, ili dawa imwagike hapohapo. Ndani ya chupa kilifunguka vizuri. Ndani ya damu ya mtu kiliharibika kabla ya saa moja. Kwa hiyo alihitaji damu ya wagonjwa wa kweli, vijiko viwili vidogo kwa kila mmoja, ili abuni kisanduku kinachoweza kuhimili.

Kwenye mkutano wa kijiji alieleza yote hayo, na akalitaja neno vinasaba. Hapo ndipo alipoharibu. Mtua walilijua neno hilo kwa kazi moja tu, ya kujua mtoto ni wa nani.

Mzee Jumaa akasimama. "Sasa hayo majibu ya nani ni baba wa nani, utampa nani?"

Watu wakacheka, ila wanaume hawakucheka sana.

"Sipimi hilo, mzee wangu."

"Lakini linaweza kupimika kwenye damu hiyo?"

Koleta akasita. "Zipo maabara zinazoweza. Sisi hatufanyi."

Waliondoka na hilo la kwanza, kwamba zipo maabara zinazoweza. La pili, kwamba yeye hafanyi, liliishia palepale uwanjani.

Kesho yake asubuhi kaka yake, Modest, alikuja nyumbani kwa mama yao akinuka salfa, ametoka kupulizia mikorosho. Alimkuta Koleta anafunga deli lake la barafu. Akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake mna nywele za binti yake wa miaka minne.

"Nipimie Rahel."

"Kaka, hiyo si kazi yangu. Ina wenyewe, na ina sheria zake."

"Niliacha shule darasa la saba ili wewe usome. Leo nakuomba kitu kimoja."

"Umemuuliza Lusiana?"

"Sikuja kuongea habari za mke wangu. Nimekuja kwako."

"Sipimi."

Modest akamtazama kama mtu anayemfahamu upya. "Kumbe mnajua. Mnanificha, wewe na wifi yako." Akalipiga teke deli, barafu ikasambaa sakafuni.

Mama yao, Teodosia, alikuwepo. Alishika mlango, hakusema neno. Na Koleta naye, aliyekuwa na mengi ya kumtetea wifi yake, aliinama akaanza kuokota barafu.

Ndani ya siku mbili maneno ya Modest yalikuwa yamefika kila nyumba. Wagonjwa waliokuwa wameshatia saini walirudi kufuta majina. Mwanamke mmoja aliyesoma naye darasa moja alimwona barabarani akavuka upande wa pili. Siku ya tatu Modest alimtoa Lusiana nyumbani, na mtoto wake, arudi kwa wazazi wake Nanganga, upande wa Ruangwa.

Koleta alimkuta kituoni anasubiri gari, kamshika Rahel mkono.

"Wifi, sikumwambia kitu."

"Najua. Alinitukana mbele yako na mbele ya mama, na hukumwambia kitu." Lusiana hakupandisha sauti. "Miaka sita hakuwahi kuniuliza. Umekuja na neno lako siku moja tu."

Koleta alirudi nyumbani, na hasira yote akammwagia mama yake. "Sisi ni Wamwera, mama! Zamani mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Leo Modest anafukuza mtu kwa ajili ya nini?"

"Usinifundishe Umwera mimi," Teodosia alisema. "Ndugu yako alikuwa na donda moyoni, dawa unayo, ukamnyima. Rudi kwenye maabara yako."

Akarudi. Lakini utafiti ulikuwa bado unadai damu, na mwezi uliofuata kibali kilihamishiwa Nanganga. Safari hii alianza mkutano kwa kusema wazi asichopima, akarudia mara tatu. Watu walitazamana. Habari za Mtua zilikuwa zimemtangulia.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili Lusiana aliingia zahanati ana homa, akapimwa, akakutwa na malaria. Akaketi mbele ya Koleta, akakunja mkono wa gauni.

"Wifi..."

"Mimi si wifi yako. Chukua damu uniache."

"Kwa nini unakubali?"

"Mwaka huu Rahel amelazwa mara tatu kwa malaria. Chukua."

Watu walimwona. Mwanamke aliyefukuzwa kwa ajili ya neno vinasaba alitoa damu yake mchana kweupe, na kwa hiyo wengine wakaja. Hadi mwezi kwisha walikuwa thelathini na mmoja.

Kwenye damu zile Koleta alijaribu visanduku vya maumbo manne. Vitatu viliharibika. Cha nne, alichokivika ngozi nyembamba ya kukikinga, kilidumu saa sita na kikafunguka. Wenzake walimpongeza. Alimpigia mama yake, na mama akauliza ni lini atamwomba kaka yake msamaha. Modest mwenyewe alikuwa amemfuata mkewe Nanganga, akamkuta shambani anapalilia ufuta, na alirudi peke yake.

Kabla mwaka mwingine haujaisha Koleta alikwenda Nanganga kuwaeleza watu matokeo, kama alivyoahidi. Lusiana alikaa nyuma, akasubiri amalize.

"Itakuwa dawa lini?"

"Bado hata wanyama hatujawajaribia. Miaka mingi. Huenda isiwe kabisa."

"Basi usije tena mpaka iwe."

Akambeba Rahel aliyekuwa amesinzia, akatoka. Koleta akamgeukia mtu wa pili aliyekuwa ameinua mkono.