Bastola ya Kupondea Njugu

Fundi cherehani wa hapa Kibomet ametia mashine yake mafuta, na harufu hiyo imenirudisha Sirisia, mezani kwa babu.

Mezani palikuwa na bastola mbili kuukuu, zote za mzungu ambaye babu alimpikia huko Kitale. Moja ilitunzwa ndani ya kitambaa chenye mafuta. Nyingine ilishika kutu, na kukhu, yaani mama yake baba, alikuwa akipondea njugu kwa kitako chake.

“Zote unavuta nyundo na kidole gumba kila ukitaka kupiga,” babu alimweleza baba, “na zote hugonga risasi kwa ukingo. Lakini hii ya mama yako, bana, ilikufa kitambo.” Akavuta nyundo yake kumwonyesha, akafyatua.

Masikio yaliziba. Gunia la mahindi lilitoboka, punje zikamwagika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuzizuia.

Kukhu aliitazama mikono yake. “Ati iko na risasi? Na si mimi huishika kwa mtutu nikiponda? Tundu linaniangalia hapa,” akagusa kifua, “na huyu mtoto nimempakata.”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa bado natafuna njugu.