Padri wa Kuta Bila Paa

Siku ya kwanza aliingia dukani kwangu kwa mabati na mbao na futi ya chuma mfukoni mwa kanzu, akapima bati moja baada ya jingine, arobaini mazima, wateja wengine wakisubiri.

"Padri, kiwandani wameshapima," nikamwambia.

"Na wao watapimwa siku ya mwisho, Mama Mabati."

Akapata mawili yaliyopungua urefu, akayatumia kushusha bei ya yote. Nikajua nimepata mtu wa kufanya naye biashara.

Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya upadri na parokia tano nyuma yake. Kila alikopelekwa alikuta watu wanasali darasani au chini ya turubai, akaanza kujenga. Na kila mara kuta zilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, uhamisho ukaja. Mwingine akaezeka, akapigwa picha na askofu. Yeye akapakia sanduku moja na kitanda cha kukunja, akaenda kuchimba msingi kwingine. "Mimi ni padri wa kuta," alinitania, lakini miguu haikutulia chini ya kiti.

Kanisa la sita ndilo hili la kwetu. Hili aliapa ataona paa lake. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, zilikuwa zimeshapanda alipotimiza miaka sabini na mitano, umri ambao padri hutakiwa kumwandikia askofu kuomba kustaafu. Kwa kawaida barua hiyo hulala kwenye droo mwaka mzima, hata miwili. Basi yeye akaiandika kwa adabu zote za kizamani: nguvu zimeniishia, macho hayaoni, waumini wanahitaji kijana. Askofu akasoma, akamhurumia, akamkubalia wiki ileile.

"Nani alikutuma useme huoni?" nikamuuliza.

"Ndivyo barua hizo zinavyoandikwa!"

"Basi imefanya kazi."

Wakampa chumba katika nyumba ya mapadri wastaafu: kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta. Mpishi wa pale aliniambia mzee anapima korido kwa miguu tangu chai hadi chakula cha mchana, na kwamba ameshakaza bawaba za milango yote, sasa anazilegeza apate kuzikaza tena.

Huku nyuma paroko mpya akatangaza anataka vigae, si mabati. Yangu, aliyoagiza mzee na hayajalipwa, yalikuwa tayari ghalani, yamekatwa kwa vipimo vya kanisa lile. Nikamwendea mzee mbio.

"Mwambie kenchi hazitabeba vigae."

"Si parokia yangu tena."

"Lakini zitabeba au hazitabeba?"

Akasimama, akakaa, akasimama tena.

Siku ya tatu nilirudi kumbembeleza, nikamkuta paroko mwenyewe kwenye kiti cha wageni. Fundi wake alikuwa amegoma kupandisha vigae, maana hakujua kenchi zile zilipigiwa hesabu ya uzito gani. Neno moja la mzee lingeniuzia mabati yangu yote. Akamtazama paroko kijana, akanitazama mimi.

"Zitabeba," akasema, "ukiongeza mbao katikati ya kila kenchi mbili. Nafasi zake ninazijua mimi. Lakini nitasimamia mwenyewe, mpaka kigae cha mwisho."

"Baba, si tumeambiwa macho yako..."

"Hayo nilimwambia askofu. Wewe hukuandikiwa."

Nje nikamwambia ameniuza mchana kweupe.

"Na hizo mbao atanunua kwa nani?" akanijibu.

Wiki tano alisimama pale chini na kofia ya majani, akiwafokea mafundi kwa kila kigae kilichokaa upande. Cha mwisho kilipopigiliwa, Alhamisi mchana, aliingia ndani, akakaa benchi la nyuma, akatazama juu kama dakika kumi. Kisha akamuuliza paroko kama kuna parokia jirani yoyote inayojenga. Hakuna.

Mabati nilimuuzia mfuga kuku kwa hasara. Mbao zikanizibia pengo, si lote. Yeye alipata paa moja kwa makanisa sita, akabaki bila kazi ya kumtoa kitandani asubuhi. Kwa bei hiyo mimi nisingenunua. Nilimwambia hivyo. Akasema nimezoea kununua rahisi, akaniomba nimpeleke tena kanisani akaone kama mvua ya jana imepenya paani mahali.