Benita na Gari la Wagonjwa

Benita Kabamba ni fundi umeme wa magari katika komuni iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi. Babu yake alitoka Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, na baba yake alitengeneza taa za mabehewa. Wateja wapya wakifika karakanani kwake hutafuta mwanaume wa kuongea naye. Benita huwaacha watafute, kisha huwauliza motokari iko na shida gani.

Msimu wa mvua uliopita, gari la parokia moja ya mtaa wa Bel-Air, lile linalobeba wagonjwa, lilikataa kuwaka. Dereva wake, Dominique, alisema limezima lenyewe tu. Fundi wa kwanza alichaji betri, bila mafanikio. Taa hazikuwaka, wala honi haikulia. Wa pili, Clovis, alifungua stata, akaifunga, akatangaza kwamba kompyuta ya gari imeungua. Siku nne wagonjwa walipelekwa hospitali kwa pikipiki, wameshikiliwa wasianguke.

Benita alipoitwa hakugusa funguo. Aliinama juu ya betri, akaona ncha ya hasi ina alama nyeusi, na plastiki nyekundu imeyeyukia pembeni yake. Akamvuta Dominique kando.

“Papa, mulijaribu kuiwasha na betri ya motokari ingine?”

“Hapana, mama.”

“Sitafute muntu wa kosa. Minatafuta fasi, pahali moto ya umeme ilipita.”

Dominique alitazama chini. “Njo mimi. Nilichanganya kabo za betri. Ile nyekundu nilitia ku négatif. Ilipiga cheche, yote ikazima. Niliogopa batanifukuza.”

“Aksanti kwa kunambia.”

Benita alienda moja kwa moja kwenye fyuzi kubwa: imekatika. Clovis, aliyekuwa bado pale, akaleta kipande cha waya ili aunge haraka badala ya fyuzi.

“Hapana,” Benita alisema. “Ile itaunguza motokari na bagonjwa ndani.”

Alizunguka maduka ya vipuri asubuhi nzima, akinyeshewa, mpaka akapata fyuzi ya kipimo kilekile. Alipoifunga, gari liliwaka kwa jaribio la kwanza, watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Alipima umeme, akakuta alterneta, mashine inayochaji betri, haichaji, kwani dayodi zake zilikufa siku ile ya cheche. Akaifungua, akabadilisha dayodi, na kesho yake mchana ilikuwa nzima. Kompyuta haikuwa na kosa lolote.

Padri Edouard wa parokia alimuuliza nini kilitokea. “Fyuzi kubwa na alterneta,” alijibu, akaendelea kukusanya zana zake. Angeweza kusema zaidi. Ni Dominique aliyekohoa, akajieleza mwenyewe mbele ya padri. Padri alikasirika kweli, akatembea hadi mlangoni akarudi, lakini hakumnyang'anya usukani.

Jumatatu Dominique alimpeleka hospitali mama mmoja aliyevunjika nyonga. Benita alikaa nyuma na mgonjwa, akisikiliza injini njia nzima.